Kila Jambo Mahali Pake: Kusoma Msimbo wa DHIS2 Ukiwa Musoma

Mwisho wa mwezi, kwenye zahanati yoyote ya Wilaya ya Butiama, mtoa huduma huketi na vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kuanza kujumlisha. Wagonjwa wa nje wamo kwenye Kitabu Namba 5. Wajawazito wamo Namba 6, watoto Namba 7, wateja wa uzazi wa mpango Namba 8, na waliojifungua Namba 12. Jumla zikishaandikwa kwenye fomu za taarifa ya mwezi, huingizwa kwenye kompyuta, ndani ya mfumo wa DHIS2 ambao Tanzania imeutumia nchi nzima tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 2010. Kuanzia hapo, tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu Butiama inaweza kusomwa Musoma na timu ya afya ya mkoa, na kusomwa Dodoma wizarani.

Safari hiyo ya tarakimu imekwisha kuandikiwa ripoti nyingi. Ninayotaka kuisifu mimi ni kazi iliyo chini yake, ambayo mtoa huduma wa Butiama hana sababu ya kuiona: namna msimbo wa DHIS2 ulivyopangwa ili mtu mwingine aweze kuusoma. Msimbo huo uko wazi kwa kila mtu chini ya leseni ya BSD. Ni maelfu ya faili za Java, zilizoandikwa na mikono mingi kwa takriban miaka 20, chini ya uratibu wa Kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Mimi huandika programu hapa Musoma, na nikiwa na swali kuhusu namna mfumo huu unavyofanya jambo fulani, mara nyingi hukisia faili ilipo kabla sijaanza kuitafuta, na huikuta palepale. Katika mradi wa ukubwa ule, hilo haliji lenyewe. Kuna watu walioliwekea akili na subira, wengi wao hawatajwi popote isipokuwa kwenye kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo.

HISP, mtandao wa watu wa mifumo ya taarifa za afya, ilianzia Afrika Kusini mwaka 1994, nchi hiyo ilipokuwa ikizijenga upya wilaya zake za afya baada ya ubaguzi wa rangi. DHIS ya kwanza iliandikwa juu ya Microsoft Access. DHIS2 ni jengo jipya, lililoanza Oslo katika miaka ya 2000 kwa lugha ya Java, na leo wizara za afya za nchi zaidi ya 70 zinalitumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo kwenye mtandao huo kwa miaka mingi na kina maabara yake ya DHIS2. Oslo hiyohiyo ndiko Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikobuni lugha ya Simula katika miaka ya 1960, na Simula ndiyo iliyoleta wazo la klasi ambalo Java imelirithi. Nygaard alifanya kazi pia na vyama vya wafanyakazi, akishikilia kwamba watakaoutumia mfumo wana haki ya kushiriki kuubuni. Nikisoma majina yaliyomo ndani ya DHIS2, naona alama ya shule hiyo: ni majina ya watu wa takwimu za afya kabla ya kuwa majina ya watu wa kompyuta.

Katika Java, kila klasi, yaani kipande cha programu chenye data zake na kazi zake, hukaa ndani ya pakeji. Jina la pakeji kwa desturi huanza na anwani ya intaneti ya taasisi iliyogeuzwa nyuma mbele, ndiyo maana hisp.org ikawa org.hisp. Baada ya hapo mwandishi ana uhuru wote. Kompyuta haijali kama klasi zako zote zimerundikwa kwenye pakeji moja au zimetawanywa kwenye pakeji mia; itaziendesha vilevile. Mpangilio huu ni wa binadamu peke yake, na hasa ni wa binadamu ambaye bado hajafika: kijana atakayeajiriwa miaka 5 ijayo, akapewa hitilafu ya kurekebisha jioni hiyohiyo, na hajui mlango uko upande gani.

Mgeni huyo huongozwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza hupanga msimbo kwa tabaka. Mfumo wa aina hii karibu kila mara una klasi zinazobeba data, klasi zenye kanuni za kazi, klasi zinazozungumza na hifadhidata, na klasi zinazopokea maombi kutoka kwenye wavuti. Basi kila tabaka hupewa pakeji yake. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umefuata njia hii kwenye kiini chake. Klasi za mgonjwa na za ziara ya kliniki zimo org.openmrs, orodha ya huduma imo org.openmrs.api, utekelezaji wake umo org.openmrs.api.impl, na uhifadhi umo org.openmrs.api.db pamoja na org.openmrs.api.db.hibernate. Ukiufungua mara ya kwanza, unaelewa upesi kwamba programu ina matabaka, na matabaka hayo yamenyooka vizuri. Ila ukitaka kujua kila kinachohusu mgonjwa, itakubidi uingie kwenye vyumba vyote hivyo, na katika kila kimoja umchambue mgonjwa kutoka katikati ya mambo mengine.

Njia ya pili hupanga kwa jambo lenyewe, na ndiyo waliyoichagua wajenzi wa DHIS2. Ukishuka chini ya org.hisp.dhis unakutana na dataelement, kipengele kimoja cha takwimu kama vile idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza. Unakutana na dataset, fomu nzima ya mwezi. Kuna organisationunit, yaani zahanati, halmashauri, mkoa au taifa. Kuna period, kipindi. Kuna datavalue, tarakimu yenyewe iliyoingizwa. Kuna indicator, kiashiria. Na kuna validation, kanuni za kukagua kama tarakimu zinapatana. Mratibu wa MTUHA wa halmashauri yoyote ya Mkoa wa Mara anaijua orodha hiyo. Hajui Java, lakini ukimsomea majina haya na kumweleza maana yake atakuambia lipi linategemea lipi, maana ndiyo kazi anayoifanya kila mwezi.

Vitabu vya MTUHA navyo vilipangwa kwa jambo. Wangeweza kuamua kwamba kitabu kimoja kiwe cha majina ya watu wote waliofika kituoni, kingine cha umri wao, cha tatu cha dawa walizopewa na cha nne cha vipimo. Kwa mtengeneza fomu huo ungekuwa utaratibu safi kabisa. Mkunga aliye zamu wodi ya wazazi angelazimika kufungua vitabu vinne ili aandike uzazi mmoja. Walichofanya ni kumpa Kitabu Namba 12, ambamo habari zote za kujifungua zinakaa pamoja, hata kama safu ya umri inajirudia kwenye vitabu vingine vyote. Pakeji ya dataelement imejengwa kwa hoja hiyohiyo: kinachobadilika pamoja kikae pamoja.

Wajenzi wa DHIS2 hawakuyatupa matabaka, na hapa ufundi wao unapendeza zaidi. Waliyapeleka ngazi nyingine. Mradi mzima umegawanywa kwa moduli, na moduli ndizo zenye matabaka: dhis-api ina maelezo ya mambo yenyewe, dhis-services ina kanuni na utekelezaji, dhis-support ina nyenzo za chini, na dhis-web-api ndiyo mlango wa wavuti. Jina la pakeji linavuka moduli hizo bila kubadilika. Ndani ya dhis-api, pakeji ya dataelement ina klasi ya DataElement na kiolesura cha DataElementService kinachosema huduma hii hufanya nini. Ndani ya dhis-service-core, mojawapo ya moduli za dhis-services, pakeji ileile ya dataelement ina DefaultDataElementService inayoifanya kazi, na chini yake kuna kijipakeji kiitwacho hibernate chenye HibernateDataElementStore, ambayo huhifadhi na kuvuta data.

Maana yake kwa msomaji ni kwamba ana njia mbili za kukisia, na zote zinampeleka panapohusika. Akijua jambo, anajua pakeji. Akijua tabaka, anajua moduli. Majina ya klasi nayo yanatii utaratibu: Default ni utekelezaji wa kawaida, Store ni ghala, Hibernate mbele ya jina ni ishara kwamba hapa ndipo hifadhidata inapoguswa. Ukiielewa dataelement umeielewa pia organisationunit kabla hujaifungua, kwa kuwa huko utakuta OrganisationUnit, OrganisationUnitService, DefaultOrganisationUnitService na HibernateOrganisationUnitStore. Si majina mafupi. Kuna waandishi wa programu wanaoyaona yanachosha kuandika, nami siwaungi mkono, maana jina huandikwa mara moja na husomwa mara nyingi mno, tena na watu ambao Kiingereza chao, kama changu, ni cha kujifunza shuleni. Kifupisho ambacho mwenyeji wa lugha anakikisia kwa urahisi kinaweza kumpotezea mtu wa Musoma saa nzima.

Uamuzi huu una gharama yake. Mwaka 2017 toleo la Java 9 lilileta mfumo mpya wa moduli ndani ya lugha yenyewe, na mfumo huo haukubali pakeji moja iishi ndani ya moduli mbili. Pakeji ya dataelement inaishi ndani ya mbili. Kwa hiyo DHIS2, ilivyopangwa, haiwezi kuuvaa mfumo ule bila kubadili majina mengi. Wameendelea na Maven, chombo cha ujenzi ambacho moduli zake hazina sharti hilo. Nadhani wamepima vizuri. Ulinzi ambao Java 9 ingewapa ni wa kweli, lakini wangeununua kwa kuuvunja mpangilio ambao watu wa nchi kadhaa wamekwisha kuuzoea.

Kuna makala ya David Parnas, iliyochapishwa Desemba 1972, ambayo kila anayeshughulika na mambo haya hatimaye huifikia. Parnas aliichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa, akaigawa kwa namna mbili. Kwanza aliigawa kwa hatua za kazi: kusoma, kuzungusha maneno, kupanga kialfabeti, kuchapa. Kisha akaigawa upya kwa kuuliza ni maamuzi gani yanaelekea kubadilika baadaye, na kila uamuzi wa namna hiyo akauficha ndani ya moduli yake. Mgawanyo wa pili ulistahimili mabadiliko. Wa kwanza ulilazimisha karibu kila moduli ifumuliwe kwa sababu ya badiliko moja.

Ndani ya DHIS2 mfano wangu bora wa hoja ya Parnas ni pakeji ya calendar. Mfumo wa takwimu za afya hauna swali linalorudi mara nyingi kuliko lile la leo ni lini na mwezi huu unaishia wapi, na jibu linatofautiana kwa nchi. Ethiopia ina kalenda yake, Nepal ina yake. Klasi za EthiopianCalendar na NepaliCalendar zimewekwa ndani ya org.hisp.dhis.calendar.impl, na programu nyingine huuliza tarehe kupitia kiolesura kimoja tu. Jirani yake ipo period, ambamo kila aina ya kipindi ina klasi yake: MonthlyPeriodType kwa mwezi, QuarterlyPeriodType kwa robo mwaka, na FinancialJulyPeriodType kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai kama wetu. Mara ya kwanza nilipoiona hiyo ya Julai nilifurahi. Mtu wa bajeti pale halmashauri ya Bunda hafikirii mwaka unaoanza Januari, na mtu aliyeko mbali alilijua hilo, akaliandikia faili yake, akaliweka mahali ambapo mtu wa bajeti angelitafuta.

Bunda inanikumbusha kazi nyingine ya pakeji. Kuna Halmashauri ya Wilaya ya Bunda na kuna Halmashauri ya Mji wa Bunda, kama ambavyo kuna Manispaa ya Musoma na Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Anayeingiza takwimu asipotazama vizuri anaweza kuuchukua mji akadhani ni wilaya. DHIS2 huipa kila halmashauri kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 ambacho hakifanani na kingine, na mashine haichanganyikiwi tena. Binadamu bado anahitaji kuona jina kamili. Kwenye msimbo shida hiyo ipo kwa neno Event, tukio. Kumekuwa na klasi zaidi ya moja yenye jina hilo: moja inayowakilisha tukio kama linavyohifadhiwa, nyingine inayowakilisha tukio kama linavyopokewa kutoka nje kabla halijakaguliwa. Zinatenganishwa na pakeji pekee: moja imo program, nyingine imo tracker, ndani ya domain. Msomaji asiyetazama mistari ya juu ya faili, inakoelezwa klasi imetoka wapi, atashika isiyo yake. Hata hivyo ningechagua mkanganyiko huu mdogo kuliko ule uliokuwapo awali. Tukio lililohifadhiwa liliitwa kwa miaka mingi ProgramStageInstance, jina ambalo halikutamkwa na mtumiaji yeyote wa mfumo. Miaka ya karibuni wamelibadilisha likawa Event, wakabadilisha na ProgramInstance likawa Enrollment, yaani uandikishaji. Kubadilisha jina lililosambaa kwenye mamia ya faili, kwenye mfumo unaotegemewa na wizara nyingi, ni kazi ya kuumiza macho, na mwisho wake mtumiaji haoni kitu kipya kwenye skrini.

Na kazi hiyo ina adabu zake. Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, hakiandiki popote kwamba faili imehama. Hukisia kwa kulinganisha yaliyomo kabla na baada, na kwa kawaida huridhika kama nusu yake inafanana. Ukiihamisha faili kwenye pakeji mpya na papo hapo ukaiandika upya, kisio hushindwa, na historia ya faili hiyo hukatika: kesho anayeuliza kwa nini mstari huu uliandikwa hivi hapati jibu la nyuma zaidi ya siku ya kuhama. Kwa hiyo fundi makini huhamisha kwanza, bila kugusa chochote isipokuwa mistari ya majina, akaweka badiliko hilo peke yake. Halafu ndipo anaanza kurekebisha. Tena DHIS2 hutunza matoleo matatu ya mwisho kwa wakati mmoja. Hitilafu ikirekebishwa kwenye toleo jipya, marekebisho hupelekwa pia kwenye ya zamani, na kama faili imehamia pakeji nyingine hapo katikati, marekebisho hayo huweza kugoma kuingia na mtu akalazimika kuyapachika kwa mkono. Kila hatua ya kuboresha mpangilio inaongeza kazi ya mtu anayeyahudumia matoleo ya nyuma. Anayeamua kuhamisha pakeji anapima nafuu ya wasomaji wa miaka 10 ijayo dhidi ya usumbufu wa mwenzake mwezi huu.

Mpangilio kwa jambo una ugumu wake mwingine, ambao hautokani na uzembe wa mtu. Mambo ya dunia yameshikana. Fomu ya mwezi imepangiwa zahanati fulani, na zahanati fulani imepangiwa fomu kadhaa. Kwa hiyo klasi ya DataSet inabeba orodha ya vituo, na klasi ya OrganisationUnit inabeba orodha ya fomu. Pakeji ya dataset inaitegemea organisationunit, nayo organisationunit inaitegemea dataset. Walimu wengi wa ufundi huu hukataza duara la namna hii, kwa sababu huwezi kukisoma kitu kimoja bila kukisoma kingine. Maven hairuhusu duara kati ya moduli, ila Java yenyewe inaliruhusu kati ya pakeji, na hiyo ni sababu mojawapo ya mambo haya yote mazito kukaa pamoja ndani ya dhis-api. Duara hili mimi nalikubali. Mtu wa takwimu huuliza pande zote mbili kila siku: zahanati hii inadaiwa fomu gani, na fomu hii inadaiwa kutoka zahanati zipi?

Ninalolikubali kwa shida ni pakeji ya common. Karibu kila mradi mkubwa unayo, kwa jina hili au lingine. Ndani yake kuna vitu vinavyostahili kuwa pale, kama IdentifiableObject, msingi wa kila kitu chenye kitambulisho na jina. Lakini pembeni yake yamejaa mengi yaliyowekwa pale kwa kuwa aliyeyaandika hakupata pa kuyaweka jioni ile. Jina kama common haliwezi kumkatalia mtu. Pakeji iitwayo period inamfukuza yeyote anayeleta kitu kisichohusu kipindi, na uwezo huo wa kukataa ndio unaoifanya ibaki safi mwaka hata mwaka. Vivyo hivyo dxf2, pakeji iliyopewa jina la muundo wa kubadilishana data. Anayeujua muundo huo ataelewa. Asiyeujua hana hata pa kuanzia kukisia, na kwa mradi ambao sifa yake kubwa ni kukisika, hilo ni doa.

Wilaya ya Butiama ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Wilaya ya Musoma. Bunda nayo iligawanyika baadaye ulipopata halmashauri yake mji. Mabadiliko kama haya hutokea katika nchi zote zinazotumia DHIS2, na si mepesi ndani ya mfumo: ukiihamisha zahanati kutoka mzazi mmoja kwenda mwingine kwenye mti wa vituo, takwimu zake za miaka ya nyuma nazo hujumlishwa chini ya mzazi mpya, kana kwamba siku zote alikuwa yeye. Kwa muda mrefu wasimamizi wa mifumo walifanya kazi ya kugawa na kuunganisha vituo kwa kuhangaika. Mwaka 2021, kwenye toleo la 2.37, wajenzi waliongeza huduma mbili kwa ajili hiyo, na wakaziweka kwenye pakeji za split.orgunit na merge.orgunit.

Ndani yake zimepangwa kwa uangalifu unaonipa raha. Kila aina ya kitu kinachoguswa na mgawanyiko ina kishughulikizi chake, kiasi kwamba swali la nini huzipata fomu, watumiaji au tarakimu za kituo kinachogawanywa lina mahali pa kujibiwa. Ila jina la pakeji limeanza na kitendo, kugawa, kikatangulizwa mbele ya jambo, kituo. Anayefuata mazoea yote niliyoyaeleza atafungua organisationunit, atafute humo, asikute kitu. Ningeziweka organisationunit.split na organisationunit.merge. Wao yaelekea walifikiri kwamba kuna mambo mengine yatakayokuja kugawanywa na kuunganishwa, na kwamba vitendo hivyo vitahitaji nyumba ya pamoja. Na kweli kuunganisha kumekwisha kupanuka hadi vitu vingine kama viashiria. Hoja yao ina nguvu kuliko nilivyodhani mwanzo, ingawa bado jicho langu huanzia organisationunit kila mara.

Sehemu ya mfumo inayopokea taarifa za mtu mmoja mmoja, kama kumfuatilia mjamzito kutoka hudhurio hadi hudhurio, imepangwa kwa sheria tofauti kabisa, nayo pia nadhani wamepatia. Imo org.hisp.dhis.tracker. Upande wa kupokea umeitwa imports kwa wingi, kwa sababu neno import limeshikwa na Java yenyewe na haliruhusiwi kuwa jina la pakeji. Upande wa kutoa umebaki export, kwa umoja. Ndani ya imports mpangilio unafuata hatua za kazi. Preheat huvuta mapema kila kitu kitakachohitajika kutoka hifadhidata, ili ukaguzi usiende kuuliza tena na tena. Validation hukagua. Bundle huhifadhi. Report humwambia mtumaji yepi yamepita na yepi yamekataliwa, na kwa nini. Mgawanyo kwa hatua ndio ule ambao Parnas aliukosoa, lakini hapa hatua zenyewe ndilo jambo. Msomaji anayekuja na malalamiko kwamba taarifa ya mama fulani imekataliwa, swali lake la kwanza ni imekataliwa kwenye hatua gani, na majina ya pakeji yanamwonyesha mfuatano huo.

Kabla ya tracker hii mpya kulikuwa na njia ya zamani ya kupokea taarifa hizo, ndani ya dxf2.events. Kwa miaka kadhaa njia zote mbili ziliishi pamoja, ili nchi zipate muda wa kuhamisha programu zao. Wakati huo msomaji alikuwa na sehemu mbili za kutafuta jambo moja, na mara nyingi aliangukia isiyo sahihi. Wajenzi walitangaza mapema kwamba ya zamani itaondoka, wakangoja toleo hadi toleo, na kwenye toleo la 2.42, mwaka 2025, milango ya zamani ya wavuti ikaondolewa. Ukitazama mabadiliko ya kipindi hicho utaona kurasa za mistari iliyofutwa, faili baada ya faili. Anayeanza kuusoma msimbo sasa, akiuliza taarifa ya mjamzito wa Butiama inapokewa wapi, anafungua tracker, kisha imports.